Mdogo Wangu Hajalala

Mdogo wangu aliingia chini ya meza ya kukatia vitambaa saa nne asubuhi, na saa saba mchana, bosi wake aliponipigia simu, alikuwa bado hajatoka.

"Redio, njoo umchukue mtu wako," Mama Sare alisema. "Wateja wamejaa, na kuna mmoja ananiuliza kama siku hizi tunafuga."

Redio ndiyo mimi. Ni msusi, na saluni yangu ni sebule ya nyumbani kwetu. Jina nimepewa na mtaa na sijawahi kulikataa. Nani kamnunia nani, nani kaachwa akasema kaacha, mtoto wa nani kafeli na mama yake anagawa soda: kichwa kikishakaa kati ya magoti yangu, haipiti nusu saa kimemwaga kila kitu. Na nyumba yetu haijawahi kuwa tupu. Mama yetu mgeni akiaga anamfichia viatu. Katika kelele zote hizo kuna chumba kimoja cha nyuma ambacho mlango wake hufungwa, na humo anakaa mdogo wangu, miaka thelathini na sita, hajaolewa, hajagombana na mtu, hajakaa sebuleni zaidi ya dakika kumi.

Siku hiyo nilimwacha mteja wangu, nesi mmoja, na nusu kichwa: upande huu mistari, upande ule nywele zimesimama kama zimeona polisi. Nikakimbia.

Kwa Mama Sare wanashona sare za shule. Mbele kuna kaunta, katikati cherehani kumi na mbili, na nyuma kabisa chumba cha kukatia: meza ndefu ya mbao, majora ya kitambaa yamelazwa ukutani, mkasi mkubwa na rula ya chuma. Mdogo wangu alikuwa amekata humo miaka kumi na moja. Anatandaza vitambaa ishirini kimoja juu ya kingine, anakata mara moja, na kola ya kwanza na ya ishirini ukizilaza pamoja huoni tofauti. Wenzake wakamwita Rula, na jina likakaa kuliko la kuzaliwa. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, binti wa kaunta aliacha kazi, shule zinakaribia kufunguliwa, na Mama Sare akaona amepata dawa: si Rula anamtazama mtoto mara moja tu anajua saizi yake? Akamtoa kwenye meza yake, akamweka mbele.

Kengele ya mlango, cherehani, watoto wanaolia, wazazi wanaobishana. Asubuhi ile mama mmoja alimshika kidevu akamwambia, "Hebu nitazame ninapoongea na wewe!" Rula akaiweka tepu chini, akaikunja vizuri, akaenda nyuma, akaingia chini ya meza.

Nilimkuta magoti yamegusa kidevu, kiganja kipo kwenye meno. Nikachuchumaa.

"Mdogo wangu, toka twende nyumbani."

"Taa zinalia."

"Taa hazilii, mama."

"Zinalia."

Nikatazama juu. Zile taa ndefu nyeupe. Sikusikia kitu. Nikamwomba Mama Sare azime, akanionyesha wateja kwa mdomo. Mwisho nilikata kipande cha kitambaa cha bluu, nikamfunika kichwa, nikampitisha katikati ya watu kama mtu aliyekamatwa. Watoto walituachia njia. Watu wazima walitoa simu.

Mama Sare alitufuata hadi nje.

"Sikiliza, mwenzangu. Mimi nampenda, mkono wake ni dhahabu. Lakini hii ni mara ya tatu. Ana nini? Kama ana kitu, niletee barua ya daktari inayosema ana kitu, nimrudishe kwenye meza yake na asiniulize mtu kwa nini yeye hakai kaunta. Kama hana kitu, basi ni jeuri, na wa jeuri ninao wengi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ikipita hiyo, namweka mwingine."

Nilirudi kumalizia kichwa cha nesi. Akaniambia taratibu, bila kugeuka, "Huyo mdogo wako, mmeshawahi kumpeleka kupimwa usonji?"

"Usonji si wa watoto?"

"Na hao watoto wakikua, wanaenda wapi?"

Mikono yangu ikasimama. Nikageuka, na Rula alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake. Mkononi ana daftari lake la vipimo.

"Mimi nimejiandikisha," alisema. "Miezi kumi na minne iliyopita. Ni namba sitini na mbili."

Kumbe! Miaka minne alikuwa anasoma habari hizo peke yake kwenye simu. Alikuwa ameandika kurasa arobaini: sauti asizoziweza, vitambaa asivyovivaa, maneno aliyoambiwa na watu asiyajibu, na jibu ambalo angelitoa kama angelipata kwa wakati.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ni Redio," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema kitambaa ni cha pamba.

Nesi alihangaika na simu zake mpaka jasho. Hospitali nzima ilikuwa na mtaalamu mmoja tu anayewapima watu wazima, na huyo naye ni wa kliniki ya watoto. Watu wazima anawapa siku mbili tu kwa mwezi, Jumatatu na Alhamisi ya wiki ya mwisho. Tukangoja. Rula hakwenda kazini, na mtu asiyekwenda kwenye kazi aliyoizoea miaka kumi na moja nilikuwa sijui anakuwaje. Aliyakata mashuka yake vipande, akavikata vipande vidogo zaidi, akavipanga. Akaacha kula vitu vyenye rangi. Jioni moja niliketi mlangoni kwake.

"Hebu nieleze. Ukishaambiwa ni huo usonji, utakusaidia nini? Si utabaki wewe yule yule?"

Akakipanga kipande kimoja cha shuka kabla ya kujibu.

"Ama kuna jina la hivi nilivyo, na kuna watu wengine wa hivi. Ama hakuna jina, na ni mimi tu, mbaya. Kama ni mimi tu, sitaweza."

"Hutaweza nini?"

"Kuendelea."

Nikacheka, jamani. Nikasema, "Acha maneno yako hayo!" nikaenda kuteka maji, na nilipofika bombani nikakuta sijabeba ndoo.

Wiki ya mwisho wa mwezi ilipokaribia, nesi akapiga simu: mtu ameahirisha, kuna nafasi Jumatatu saa tatu. Ikaja na ujumbe wa masharti mawili. La kwanza, aje na mtu aliyemjua kabla hajafika miaka mitano. La pili, aje kama alivyo siku zote.

La kwanza tulilitimiza. Mimi nimempita miaka tisa, na Mama ni mama. Mama aligoma siku nzima: "Mwanangu si mgonjwa, mnataka kumbandika nini?" Kisha akakubali ghafla, na alipokubali tu, nyumba ikageuka ya maandalizi. Maana sisi mtu wa maana akitaka kumwona binti wetu, tunajua la kufanya. Mama akatoa gauni lenye kola ya wanga. Mimi nikamkalisha Rula, nikamsuka saa tano mfululizo. Kichwa chake hakiguswi. Tangu utoto hakiguswi. Aliuma taulo. Machozi yalikuwa yanashuka bila sauti na mimi nasema, "Jikaze, karibu, mistari minne tu," na imebaki kumi na minne.

"Ukiingia, msalimie vizuri," Mama alimfundisha. "Mtazame machoni. Cheka kidogo. Mikono itulie mapajani, usiichezeshe."

Rula alikubali kila kitu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini. Alidhani hayo ndiyo masharti.

Mtaalamu alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya kutosikika. Chumba chake kina viti vidogo vya watoto, na kabla hajakaa alimuuliza Rula kama azime taa moja. Rula akamtazama Mama kwanza, kisha akasema, "Hapana, asante, sijambo," akacheka kidogo. Wakakaa wawili peke yao muda mrefu. Halafu tukaitwa sisi.

"Mama, alianza kuongea akiwa na umri gani?"

"Huyu? Miezi tisa!" Mama alisema. "Alisema 'mama'. Wazi kabisa."

Nilimtazama Mama. Mama hakunitazama. Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo, na niliufungua kweli. Nikasema, "Na tangu hapo hakunyamaza!" Mama akacheka, mimi nikacheka, hata mtaalamu akatabasamu kidogo kwa adabu.

"Alicheza na watoto wenzake?"

"Daktari, nyumba yetu ilikuwa kama shule," nikasema. Na ilikuwa. Nani angebisha?

"Kulikuwa na vitu alivyovipenda kupita kawaida? Kuvipanga, kuvirudia?"

"Msafi tu," Mama akasema. "Tangu mdogo anapenda usafi."

"Kelele zilimsumbua?"

"Kazaliwa kwenye kelele!"

Yeye anaandika, sisi tunapokezana. Mama akipunguza mimi natia chumvi. Nilikuwa nimenogewa, siwadanganyi. Lile jasho la raha unalolipata mgeni anapokwenda na maneno yako. Mpaka nikamalizia mwenyewe bila kuulizwa: "Daktari, mdogo wangu ni mtu wa kawaida kabisa, ana aibu kidogo tu." Na yeye ameketi pembeni yangu na kola inayomkata shingo, anamtazama mtaalamu machoni kama alivyofundishwa, mikono imetulia mapajani kama imeshonewa hapo.

Tulingoja kwenye benchi. Tulipoitwa tena, mtaalamu alizungumza na Rula, si na sisi.

"Uliyoniandikia kwenye daftari na niliyoyasikia kwa ndugu zako ni habari za watu wawili tofauti. Na leo nimemwona wa pili. Siwezi kuandika bila ushahidi wa utotoni. Sisemi huna. Nasema siwezi kusema. Nitakurudisha kwenye orodha, itachukua kama miezi tisa."

Mama akashusha pumzi. "Si nilisema? Mzima kabisa!" Akampa mtaalamu mkono kwa mikono miwili.

Rula aliinuka. "Basi ni mimi tu," alisema, akatoka.

Tulipofika nyumbani aliingia chumbani, akafunga, na tukasikia mkasi. Mkasi wa kukatia kitambaa una sauti yake, nene, kama ng'ombe anatafuna. Niligonga mlango kwa viganja viwili. Baada ya muda mlango ukafunguka kidogo, ikasukumwa nje misuko yote niliyomsuka, imepangwa kuanzia mfupi hadi mrefu, imefungwa kwa uzi. Mlango ukafungwa tena. Niliweka sahani, haikuguswa. Niliweka maji, glasi ikarudi nusu. Kutwa nzima ya Jumanne ikawa hivyo, na Ijumaa inakuja.

Siku hiyo ya Jumanne nilimfuata Mama jikoni. Alikuwa anachambua mchele, hainui kichwa.

"Mama, ulimwambia miezi tisa."

"Nilimwambia."

"Ilikuwa miaka mitano."

"Usinihesabie mwanangu!" Ungo ukamtikisika. "Wewe unajua nini? Walisema nimezaa jiwe. Shangazi yako alisema, hapo hapo uliposimama, na chai yangu mkononi. Wengine wakasema nimekula nini, nimemkosea nani. Kila asubuhi nilikuwa namwinamia, namwambia, niite. Sema mama, mara moja tu, sitakuomba tena. Ananipita na macho kama anavyopita mlango. Leo nikakae mbele ya mtu mwenye kalamu nimwambie hayo? Ayaandike pasipofutika?"

Na mimi nilikuwa na yangu.

Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi. Nyayo za mgeni zikisikika uani, Mama ananipa jicho, mimi nambeba mdogo wangu mbiombio hadi chumba cha nyuma, nageuza ufunguo, narudi na sinia na tabasamu. "Mdogo yuko wapi?" "Amelala." Nilikuwa na miaka kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, na jibu ni hilo. Saa nne asubuhi, amelala. Saa kumi jioni, amelala. Siku ya harusi ya mama mdogo, ngoma zinapasua paa, amelala. Na wageni wakitikisa vichwa wanasema, mtoto mtulivu huyu, kwa sababu na wao walikuwa wanajua kuficha ya kwao. Amekuwa mtu mzima, tumeendelea. Mimi niliyetangaza talaka za watu kabla wenyewe hawajaambiwa, siri niliyoitunza maishani ni moja, na ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inatafutwa.

Jumatano asubuhi nilifunga saluni, nikaenda hospitali bila miadi. Nikakaa na akina mama na watoto wao. Kulikuwa na kasichana kanapanga viatu vya watu wote waliokaa, vidole vikielekea ukutani. Kakafika kwangu, kakanivua, kakaendelea. Hakuna aliyekakemea. Nilikaa peku saa tatu nzima.

Mtaalamu alipotoka kunywa maji nikamzuia.

"Daktari, Jumatatu tulikudanganya."

"Nina dakika tano," alisema.

Na mimi kusimulia ndiyo kazi yangu. Safari hii bila chumvi. Nikamwambia kopo la vifungo: akiwa na miaka mitatu alivipanga kwa idadi ya matundu, kisha kwa rangi, na ukikiondoa kimoja anagonga kichwa ukutani mpaka ukirudishe kile kile, si mwenzake. Nikamwambia nguo mpya tulizifua mara kumi kabla hajazivaa. Kwamba wageni aliwajua kwa ndala zao, siyo kwa nyuso. Kwamba alikuwa anazunguka, anazunguka, mikono juu, na ndiyo mara pekee alikuwa anacheka. Nikamwambia na ufunguo. Nilipofika kwenye "amelala", mmoja wa wale akina mama kwenye benchi alikuwa anajifuta macho kwa kanga ya mtoto wake.

Dakika tano zilikuwa zimekuwa arobaini.

"Kwa nini hukusema Jumatatu?"

"Kwa sababu ulikuwa mgeni," nikamjibu.

Alinitazama, akafungua kitabu chake.

"Kesho saa saba nina nafasi ya kula chakula changu cha mchana. Nitampa hiyo. Andika uliyoniambia, kwa mkono wako, bila mapambo. Lakini lazima aje mwenyewe, kwa hiari yake; asipotaka, siandiki kitu. Wala siahidi jibu lolote." Nilipokuwa nimeshageuka akaongeza, "Na msimsuke."

Nilirudi mbio, na nyumba ilikuwa imejaa. Mama amefungua madirisha yote, redio ya kweli inaimba, shangazi yuko kwenye kiti changu cha kusukia, majirani wanne, wateja watatu, mmoja na rola kichwani aliyekuwa ananingoja tangu asubuhi. Hivyo ndivyo Mama anavyofanya akiwa na huzuni, anaita watu. Wote wakanishangilia. "Redio, umepotea! Tuletee habari!"

Shangazi akanyoosha shingo kuelekea nyuma. "Na Rula leo simwoni. Yuko wapi?"

"Ame—" Mama akaanza.

"Hajalala," nikasema.

Nilizima redio.

"Shangazi, hajalala. Hajawahi kulala hata siku moja mlipokuja. Tulikuwa tunamfungia. Yuko ndani hapo siku ya tatu hajala, kelele zetu zinamchinja, na mimi nawapenda nyote lakini naomba muende kwenu."

"Hee!" shangazi akasema. "Tunafukuzwa?"

"Mnafukuzwa."

"Na kichwa changu?" akauliza wa rola.

"Kitasubiri, kipo hapo hapo kwenye shingo."

Walitoka kwa kunung'unika, wakivaa ndala zisizo zao. Najua kabla hawajafika kona habari ilikuwa imeshafika sokoni. Mara ya kwanza katika maisha yangu sebule ile ikawa na watu wawili, mimi na Mama, na Mama ananitazama kama nimemvua nguo barabarani.

Hatukusema. Na kwa kuwa hatukusema, nikaisikia. Juu ya vichwa vyetu, ile taa ndefu nyeupe niliyoiweka mwenyewe ili nione mistari ya kichwa. Ilikuwa inalia. Sauti nyembamba, kama mbu aliyeingia sikioni akakosa njia. Imelia humo miaka sita.

Nikachukua daftari la wateja, nikaketi sakafuni mbele ya mlango wa Rula, nikaandika. Sina mwandiko wa kusifiwa. Niliandika vifungo, nguo, ndala, ufunguo. Niliandika na majina ya siku nilizozikumbuka. Mama alisimama muda mrefu. Kisha nikasikia magoti yake yakilia, akaketi pembeni yangu.

"Andika na siku aliyoongea," akasema kwa sauti ndogo. "Hukuwepo, ulikuwa shule. Nyumba ilikuwa imejaa. Alikuwa humu. Nikasikia mtu anasema, fungeni mlango. Maneno mawili, kamili, kama mtu mzima. Miaka mitano na miezi miwili. Nikakimbia nikamkumbatia, akapiga mayowe. 'Mama' alikuja kusema na miaka saba. Andika."

Nikaandika. Chini nikaongeza: *Kesho saa saba, anakupa chakula chake cha mchana. Usipotaka, hatuendi. Hakuna atakayekusuka.* Nikachana kurasa, nikazipitisha chini ya mlango.

Tukangoja. Jua likashuka dirishani mpaka likagusa kiti cha shangazi. Ndani hakuna hata nyayo. Nilianza kuwaza mambo ambayo siwezi kuyaandika, nikabandika sikio kwenye mbao. Mama akanishika mkono, akaubana mpaka pete yake ikaniumiza.

Halafu karatasi ikasogea. Ikatoka kona kwanza, ikasimama, ikatoka yote. Alikuwa amesahihisha kwa chaki ya kukatia, nyeupe juu ya wino wangu, mistari imenyooka. Vifungo havikuwa na matundu mawili na manne tu, kulikuwa na kimoja cha matatu. Harusi ya mama mdogo haikuwa Jumamosi. Mwishoni kabisa, chini ya maneno ya Mama, alikuwa ameandika kwa herufi ndogo.

"Kasemaje?" Mama akauliza. Hana miwani. "Nisomee."

Mimi, Redio, nikakosa pa kuanzia.

"Soma."

Nikasoma. "'Sikusema fungeni mlango. Nilisema fungeni dirisha. Mlango mlikuwa mmeshaufunga.'"

Mama hakutikisika. Nilidhani hakusikia, nikafungua mdomo nirudie. Akainua mkono nisirudie.

"Kuna kingine?"

"Anauliza, saa saba kamili au saa saba na ngapi."

Sijui mtaalamu atasema nini kesho. Sijui kama Mama Sare ataikubali karatasi itakayosema tu kwamba mtu bado anachunguzwa, wala kama meza ile bado haina mtu. Niliandika *kamili*, nikairudisha karatasi chini ya mlango, nikasikia vidole vyake vikiipokea upande wa pili.

Mama aliinuka kwa kushikilia ukuta. Akafunga madirisha, moja moja, bila kuyagonga. Akafika kwenye swichi, akaitazama ile taa muda kidogo na kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayetega sikio. Akaizima.